Draiva ya hifadhidata inatudanganya, na sisi tumenyamaza

Nimepotea hapa kwa muda, nawaomba radhi. Sikuwa likizo. Nilikuwa napigana na programu niliyoiandika mwenyewe, na leo nimekuja kumwaga hasira. Anayetaka makala ya upole arudi wiki ijayo.

Hasira zangu ni juu ya jambo dogo ambalo chuoni tulilipita mbio mbio: ukiuliza hifadhidata swali, majibu yanakufikiaje mkononi? Mhadhiri alituchorea kisanduku cha programu, kisanduku cha hifadhidata, na mshale katikati. Basi. Mshale ule ndio draiva, na ndani yake ndimo nilimopotezea siku kumi na moja za maisha yangu.

Kisa chenyewe ni hiki. Chama kimoja cha akiba na mikopo, sitakitaja, kilinipa kazi ya kutengeneza ripoti ya gawio la mwisho wa mwaka. Wanachama wengi ni wakulima na walimu, na gawio hilo ndilo wanalolingoja kulipa karo ya Januari. Ripoti inasoma jedwali la miamala ya mwaka mzima, mstari baada ya mstari, inajumlisha, inaandika faili. Nilitumia Java na PostgreSQL. Kwenye tarakilishi yangu nilikuwa na mistari 5,000 ya majaribio, na kazi iliisha kabla sijameza chai. Jedwali la kweli lilikuwa na mistari zaidi ya milioni tatu. Usiku wa kuiendesha, mnamo saa nane, programu ikaanza kujikokota, kisha ikawa inahema, kisha OutOfMemoryError. Na kwa kuwa nilikuwa nimeiweka ndani ya JVM ile ile inayowahudumia makarani wa kaunta (kosa langu hilo, nalikubali), asubuhi kaunta nazo zilikuwa zimekufa. Foleni ilitoka nje ya lango. Kuna mzee alisimama pale tangu saa mbili hadi saa saba mchana, barua ya shule ya mjukuu wake mkononi. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Kijana, mashine imechoka?" Afadhali angenigombeza.

Sasa tazama msimbo ulioleta balaa lote hilo:

ResultSet rs = st.executeQuery();
while (rs.next()) {
    jumla.ongeza(rs.getLong("kiasi"));
}

Niambie, kosa liko wapi? Mtoto wa kidato cha nne akiusoma atakwambia kwamba programu inachota mstari mmoja, inautumia, inauacha, inachota mwingine. Jina lenyewe linasema hivyo: next, unaofuata. Wakati wowote nina mstari mmoja mkononi. Kumbukumbu itakayotumika ni ile ile, iwe mistari ni kumi au milioni kumi.

Huo ndio uongo ninaoulalamikia. Draiva ya Java ya PostgreSQL, usipoiambia vingine, huvuta mistari YOTE kutoka kwenye seva na kuirundika kwenye kumbukumbu kabla executeQuery haijarudi. Ukifika kwenye while, mzigo wote umeshashushwa nyumbani kwako. Kile kinachoitwa next ni kidole tu kinachoteremka juu ya orodha ambayo tayari umeibeba yote.

Na mzigo wenyewe ni mzito kuliko unavyoonekana kwenye diski. Draiva hii huweka kila thamani ya kila safuwima kama byte[] yake yenyewe. Kwenye JVM ya kawaida ya biti 64, byte[] tupu tayari inakula baiti 16. Ukitia ndani baiti 8 za data inakuwa 24. Mstari wenye safuwima 12 za ukubwa huo una baiti 96 za data halisi, lakini ndani ya Java ni 288 za zile byte[], na 64 za orodha inayozielekeza, yaani zaidi ya baiti 350. Zidisha kwa milioni tatu, umevuka GB moja. Hipu yangu ilikuwa GB moja. Hesabu ya darasa la sita, ila hakuna aliyeniambia kwamba natakiwa kuipiga.

Mkubwa wa mradi akasema kile ambacho wakubwa husema: ongeza RAM. Nikapandisha hipu hadi GB 3, ripoti ikapita, watu wakalipwa, mimi nikasifiwa. Aibu tupu. Mwaka uliofuata wanachama walikuwa wameanza kuweka akiba kwa simu, shilingi hamsini leo, mia keshokutwa, na jedwali likafika mistari milioni tisa. Programu ikafa tena, saa nane ile ile ya usiku. Ukiongeza kumbukumbu kwa tatizo la namna hii hujalitibu, umelikopea muda, na riba yake inakua pamoja na jedwali.

Safari hii nikasoma nyaraka. Nikakuta setFetchSize. Oho, kumbe! Nikaandika st.setFetchSize(500), nikaendesha, nikaenda kulala kwa furaha.

Ikafa.

Hakuna ujumbe wa kosa wala onyo kwenye faili ya logi. Nikadhani nimekosea mahali pengine, nikazunguka siku mbili nzima nikiwashuku mkusanya-taka wa Java, maktaba ya kuandika faili, hata mtu wa seva. Mwishoni nikaendesha jmap -histo juu ya programu inayokufa, na juu kabisa ya orodha nikaona [B, yaani zile byte[], makumi ya mamilioni. Draiva ilikuwa imelipokea ombi langu la mistari 500, ikalitia mfukoni, ikavuta milioni tisa kama kawaida.

Sababu iko kwenye nyaraka, ukijua pa kutazama. Ili draiva hii ichote kwa mafungu, muunganisho lazima uwe umezimwa autocommit, ResultSet iwe ya kwenda mbele tu, na swali liwe moja, si kadhaa yaliyotenganishwa kwa nukta mkato. Sharti moja likikosekana, inarudia kuvuta vyote, kimya kimya. Na kwa chaguo-msingi cha JDBC, autocommit huwa imewashwa! Yaani ukifuata mafunzo ya kawaida ya Java, setFetchSize haina kazi yoyote.

Sitaki kuonekana nawatukana walioiandika, kwa hiyo nieleze kwa nini sharti hilo lipo, maana lina mantiki. Katika itifaki ya PostgreSQL toleo la 3, iliyokuja na PostgreSQL 7.4 mwaka 2003, draiva hutuma ujumbe uitwao Execute, na ndani yake kuna namba: nipe mistari mingapi kwa sasa. Sifuri maana yake nipe yote. Ukiweka 500, seva inatoa 500, kisha inajibu PortalSuspended, yaani "nimesimama hapa, ukitaka zaidi sema". Kile kilichosimama upande wa seva ni kishale (si kile cha panya kwenye skrini, msichanganyikiwe). Na kishale hicho huishi ndani ya muamala. Muamala ukifungwa, kishale kinakufa. Autocommit ikiwa imewashwa, muamala hufungwa mara tu swali linapokwisha, hivyo hakuna pa kurudi kudai fungu la pili. Sawa kabisa. Nimeelewa, nimekubali.

Lakini kuelewa kwa nini huwezi kunitimizia ombi si ruhusa ya kunidanganya kwamba umelitimiza. Ukimwambia konda akushushe Kangemi na gari halipiti Kangemi, atakwambia panda lingine. Hakubebi mpaka Kikuyu huku ametazama dirishani. Walitakiwa kutupa kosa, au basi mstari mmoja wa onyo kwenye logi. Watetezi wao wataniambia kwamba maelezo ya JDBC yanasema setFetchSize ni dokezo tu kwa draiva. Ndiyo, ni dokezo. Neno hilo ndilo limetumika miaka yote kama kichaka cha kujificha.

Tena watu haohao wameshatuonyesha kwamba wanaweza. Draiva hii ina mpangilio unaoitwa maxResultBuffer. Unaiambia: majibu ya swali moja yakipita kiasi fulani cha kumbukumbu, au asilimia fulani ya hipu, simama utoe kosa. Safi sana! Ungeniokoa usiku wote ule, kwa sababu ripoti ingekufa peke yake kwa ujumbe unaoeleweka na kaunta zingebaki hai. Ila mpangilio huo huja umezimwa. Dawa ipo kabatini, na kabati limefungwa.

Msidhani nawaonea watu wa PostgreSQL. Upande wa MySQL ni kichekesho zaidi. Connector/J nayo huvuta vyote kwa chaguo-msingi. Ukitaka itiririshe mstari mmoja mmoja, lazima uandike setFetchSize(Integer.MIN_VALUE). Yaani hasi 2,147,483,648. Mistari hasi bilioni mbili! Maelezo ya JDBC yenyewe yanasema namba hiyo isiwe chini ya sifuri, kwa hiyo hapa namba haramu imegeuzwa neno la siri kati ya draiva na wale waliobahatika kuambiwa. Ukiweka 500 kama mtu mwenye akili timamu, hupati kitu, mpaka uongeze useCursorFetch=true kwenye anwani ya muunganisho, na hapo seva inaweka majibu kwenye jedwali la muda upande wake.

Kwenye PHP wengi wetu tulianzia huko, na hadithi ni hiyo hiyo. mysql_query ya zamani, iliyoondolewa pamoja na ndugu zake kwenye PHP 7 mwaka 2015, ilivuta vyote, na ndugu yake mysql_unbuffered_query karibu hakuna aliyemjua. Leo kwenye mysqli unasema MYSQLI_USE_RESULT, kwenye PDO unazima MYSQL_ATTR_USE_BUFFERED_QUERY. Wenye Python na psycopg2: execute inavuta vyote hata kabla hujaita fetchone. Kipe kishale jina, conn.cursor(name="gawio"), ndipo kinahamia upande wa seva na kuchota mistari 2,000 kwa kila fungu unapokizungusha kwenye for. Ila ukikiita fetchone kimoja kimoja, kila mstari unakuwa safari yake. Nimeona mtu akifanya hivyo kisha akatangaza kwamba vishale ni polepole.

Na hapo ndipo penye upande wa pili wa shilingi, maana kuna draiva iliyokosea kinyume. Ya Oracle huchota mistari 10 kwa safari kwa chaguo-msingi. Kumi! Kumbukumbu haitajaa, ni kweli, lakini piga hesabu. Mistari milioni moja ni safari 100,000. Kabla ya nyaya za baharini kufika Mombasa mwaka 2009, waliotutangulia walikuwa wakitumia setilaiti iliyo karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta, na kwenda na kurudi hakukupungua sana chini ya nusu sekunde, maana mwanga una mwendo wake. Safari 100,000 kwa nusu sekunde ni sekunde 50,000, karibu saa 14. Leo programu ikiwa Nairobi na hifadhidata iko Ulaya, tuseme milisekunde 150 kwa safari: bado ni zaidi ya saa nne za kungoja tu. Weka 1,000 badala ya 10 na safari zinabaki 1,000, dakika mbili na nusu. Wala usirukie 100,000. Draiva za Oracle za enzi za 10g na 11g zilitenga nafasi kwa ukubwa wa juu kabisa wa safuwima, si kwa data iliyomo, hivyo VARCHAR2(4000) moja ilidai karibu KB 8 kwa kila mstari wa fungu hata kama ndani mna herufi tatu.

Najua jibu mnalonitayarishia. Kuvuta vyote kuna faida zake. Nakubali, na nitazisema mwenyewe. Seva inamaliza kazi yake haraka na kwenda kwa mwingine. Muunganisho unabaki huru: kwenye MySQL ukitiririsha, huwezi kuuliza swali jingine kwa muunganisho huo mpaka usome mistari yote au ufunge. Na mteja mwenye kujivuta anaiumiza seva. Tuseme kwa kila mstari unatuma ujumbe wa simu. Bafa za mtandao zinajaa, seva inashindwa kuandika, inangoja. Kwenye MySQL, net_write_timeout kwa kawaida ni sekunde 60, kisha inakukatia (Connector/J yenyewe huipandisha hadi 600 inapotiririsha, kwa sababu wameshaumwa na nyoka). Kwenye majedwali ya MyISAM ulikuwa ukiwafungia wanaotaka kuandika muda wote huo. Kwenye PostgreSQL muamala mrefu unaizuia VACUUM kufagia mistari iliyokufa, na jedwali linavimba.

Yote kweli. Kwa swali la mistari 200 ya kuonyesha kwenye ukurasa, vuta vyote, uende zako. Sina ugomvi. Ugomvi wangu ni kwamba uamuzi mzito hivi, nani abebe mzigo kati ya mteja na seva, umefanywa na draiva bila kuniuliza, kisha ukafunikwa kwa jina la next ili nisijue kwamba kuna uamuzi uliofanywa. Na yule anayeumia huwa si mwandishi wa draiva. Ni karani wa kaunta, ni yule mzee.

Wala nisiwaache wenzangu salama. Wengi wakishaumwa hukimbilia LIMIT na OFFSET, mistari elfu kwa elfu, na kujiona wameshinda. OFFSET 900000 haimaanishi seva inaruka hadi hapo. Inaihesabu mistari hiyo 900,000, inaitupa, ndipo inakupa elfu yako. Kusoma mistari milioni moja kwa mtindo huo kunailazimisha seva kutupa mistari takriban milioni 500 njiani. Baya zaidi, kila ukurasa ni swali jipya linaloona hali mpya ya jedwali. Muamala ukiingia au ukifutwa katikati, mstari mmoja unaweza kusomwa mara mbili na mwingine ukarukwa. Kwenye orodha ya habari hilo ni usumbufu mdogo. Kwenye gawio hizo ni pesa za mtu. Kishale kimoja ndani ya muamala mmoja kinaona picha moja ya jedwali tangu mwanzo hadi mwisho. Kama lazima ukate vipande, kata kwa ufunguo: WHERE id > wa_mwisho ORDER BY id LIMIT 1000, seva itumie fahirisi. Na kama kazi ni kumwaga jedwali zima kwenye faili tu, achana na haya yote utumie COPY.

Kuna na wale wa maktaba za kuficha SQL, wanaosema haya hayawahusu. Django hukumbuka kila kitu cha queryset unayoizungusha mpaka uite iterator(), na vishale vya seva kwa PostgreSQL ilianza kuvitumia hapo mwaka 2017 kwenye toleo la 1.11. Hibernate nayo: hata draiva ikichota kwa mafungu, kikao kinashikilia kila kitu ulichokisoma mpaka ukisafishe. Umefunga bomba la jikoni na la bafu linamwaga.

Kisingizio cha mwisho huwa kwamba chaguo-msingi haliwezi kubadilishwa kwa kuwa programu za watu zitavunjika. Draiva ya JDBC ya SQL Server ilibadilishwa. Tangu toleo la 2.0 la mwaka 2009, chaguo-msingi lake ni kusoma kutoka mtandaoni kadiri unavyohitaji, si kurundika vyote. Ukitaka vyote, unasema full. Ulimwengu haukuisha. Kwa hiyo ninachodai si ndoto. Mkishindwa kubadilisha tabia, basi washeni mpaka wa kumbukumbu kwa chaguo-msingi, na mtu akiomba fungu la 500 mkashindwa kumpa, mwambieni.

Hadi siku hiyo, kabla ya executeQuery yoyote inayogusa jedwali kubwa, kwangu kuna mistari hii miwili:

con.setAutoCommit(false);
st.setFetchSize(500);

Ripoti ya gawio sasa ina JVM yake peke yake, mbali na kaunta, yenye hipu ya MB 256. Mwaka huu ilisoma mistari milioni kumi na moja. Nilikaa macho mpaka saa tisa usiku nikiitazama kwa jmap, na zile [B hazikuwahi kufika elfu ishirini.